Nyuzi za Magamba ya Kaa

Mdogo wangu aliposhuka kwenye gari pale kijijini kwetu Lyulilo, kando ya ziwa, mama alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani. Aliamkiwa, akaitikia, akauliza habari za safari na za watu wa huko mbali. Kisha kwa mkono wa kushoto akaushika mkono wake wa kulia, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua mzigo usio wake, akaulaza mapajani kwa mdogo wangu.

"Haya," akasema. "Nifunge."

Mdogo wangu alidhani hakusikia vizuri. Miaka mingi ya ugenini ilikuwa imekififisha Kikisi chake, lugha yetu ya nyumbani, na mdomo wa mama tangu augue ulikuwa mzito. Akauliza, "Nikufunge nini, mama?"

"Nyuzi zako. Zile za kupitisha habari mwilini. Dada yako kanieleza. Nimezingoja toka mavuno ya mpunga."

Mdogo wangu alinyanyua uso akaniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai, na nakumbuka kwamba miguu yangu ilikataa kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu ninayempenda.

Inanipasa nieleze tulifikaje hapo.

Mama yetu ni mfinyanzi. Alizaliwa Ikombe, ambako vyungu hupakiwa mitumbwini na kuletwa sokoni kwetu, akaolewa Lyulilo, na udongo ukamfuata huko. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mikono. Mkono wa kushoto huzungusha chungu, wa kulia hupandisha ukuta wake, na ukimwangalia unadhani udongo unajiinukia wenyewe. Kiharusi kilimkuta akilainisha mdomo wa chungu kikubwa cha maji kwa kokoto. Mama mdogo, ambaye wanaishi pamoja, alisikia kokoto ikianguka. Alipofika nje alimkuta dada yake ameegemea chungu kile, ubavu mzima wa kulia umelala.

Hospitalini walimtibu akarudi akitembea kwa kuburuta mguu. Mkono haukurudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha namna ya kuukunjua na kuukunja, asubuhi, mchana na jioni, na akasema miezi ya mwanzo ndiyo miezi ya kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ikolo. Nilikaa naye likizo yote, tukafanya mazoezi hayo bila kukosa, kisha shule zikafunguliwa nikarudi kazini. Nilimwachia mama mdogo maelekezo, nikawa naenda Lyulilo mwisho wa juma pale barabara inaporuhusu. Mvua za kwetu wanaozijua wanazijua.

Mdogo wangu hufanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, nchi ya mbali. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, nami nilikuwa mkalimani. Mama hakutaka kuongea kwenye simu. Aliona haya kusikika akivuta maneno, basi aliniambia mimi, nami nikasema. Jumapili moja nikamuuliza mdogo wangu hasa anatengeneza nini huko, maana miaka yote tulikuwa tukisema tu "yuko maabara". Akanieleza kwa furaha, mtandao ukikatika na kurudi. Alisema waya wa simu na mishipa ya fahamu ya mwanadamu ni kama watu wa lugha mbili. Kwenye waya wa shaba zinapita elektroni. Mwilini habari hupita kwa vipande vya chumvi vyenye chaji, vinavyoitwa ioni. Kwa hiyo mashine na mwili haviongei. Yeye na wenzake wanatengeneza nyuzi nyembamba kuliko nyembamba, unywele mmoja ukiupasua mara elfu hujazifikia, na nyuzi hizo hupitisha ioni badala ya elektroni. Wanataka vifaa vidogo sana vya umeme ambavyo siku moja vitaweza kuongea na mwili kwa lugha yake.

Nikakata simu, nikageuka kumwambia mama. Sasa, neno ioni kwa Kikisi sikulijua, na "siku moja" ya mdogo wangu ilinidondoka njiani. Nilisema, "Anatengeneza nyuzi za kupitisha habari za mwili."

Mama alikuwa amekataa chakula siku mbili. Mama mdogo alikuwa amenipokea na habari hiyo hata kabla sijatua mkoba. Basi mama akanitazama, mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni, akauliza, "Hata kwa mkono uliokufa?"

Nikajibu, "Ndizo hizo hizo."

Akaomba uji. Aliunywa wote, akaomba na samaki. Nilirudi Ikolo nikijisifu kwamba nimemlisha mama yangu kwa maneno matatu. Nililisahau neno lile kama mtu anavyosahau peremende aliyompa mtoto ili anyamaze. Yeye hakulisahau. Alilipeleka sokoni, akawaambia wanawake wa vyungu na wa dagaa wa usipa kwamba binti yake mdogo anakuja na nyuzi.

Barazani siku ile mdogo wangu aliuweka mkono wa mama vizuri kwenye mto. Akasema kwa upole, "Leo nimechoka, mama. Nitakueleza." Halafu akanifuata nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Sikuficha hata neno. Nilipomaliza alikaa chini pale pale kwenye majani makavu.

"Dada," akasema, "nyuzi zangu zinakaa juu ya kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya mchele. Hazijawahi kuguswa na mwili wa kiumbe chochote. Hata panya. Tukifika kwa panya tutafanya sherehe."

"Sasa tumwambie nini?"

"Tumwambie? Wewe ulisema 'ndizo hizo hizo'. Mimi ndiye nitakayesema 'sizo'."

Kesho yake asubuhi alitoweka. Nilimkuta ufukweni, kwenye mawe chini ya mlima, kaikunja suruali magotini, anapekua chini ya mawe. Alikuwa anakusanya kaa. Nyumbani kwetu hatukuwala kaa, tulipokuwa wadogo tuliwachezea tu, na nikamwona mtu mzima, mwenye shahada ya uzamivu, akiwafukuza kwenye mawe huku mama yake akimngoja kwenye kiti. Hasira zilinipanda.

"Umekuja kumwuguza mama au kucheza?"

"Nyuzi zinatoka humu," akasema, akanyanyua gamba tupu la kaa, jepesi, limechujuka kwa jua. "Sikukuambia kwenye simu kwa sababu hukuuliza. Tunatengeneza kutokana na magamba ya kaa na ya kamba wa baharini."

Nililishika lile gamba. Nilikuwa nimejijengea picha ya dhahabu, au ya vitu vinavyochimbwa kwa mitambo. Gamba la kaa tulikuwa tukilikanyaga kila tulipoenda kuchota maji. Nilibaki nimeduwaa na kitu kile kiganjani, kisha nikainama tukakusanya wote wawili.

"Nimeamua nimwonyeshe," akaniambia. "Nikimweleza kwa mdomo ataona namnyima. Mama haamini kitu mpaka akione kinafinyangwa."

Ilituchukua siku nne. Siki tuliipata dukani Matema. Kostiki soda alikwenda kuinunua Kyela mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza vifaa vya sabuni. Mzee alimuuliza anatengeneza sabuni gani, akajibu anapika magamba ya kaa. Alisema mzee yule alimtazama kitambo, kisha akamwambia taratibu, "Mwanangu, vaa glavu," akamtolea jozi moja kutoka chini ya meza.

Tulitwanga magamba kwenye kinu kibovu. Tukayatia kwenye siki yakatoa povu, siki ikila chokaa yake. Nilipoleta sufuria la alumini kwa ajili ya kuchemsha, mdogo wangu alinizuia. Kostiki ingelitafuna. Mama alikuwa anatufuatilia kwa macho kutoka kitini. Akasema, "Chukueni chungu." Akatuelekeza kwa kidevu kwenye vyungu vyake vya mwisho, vilivyochomwa kabla ya ugonjwa, ambavyo hakuruhusu mtu auze. Tukachukua kimoja. Alituuliza tu, "Ndiyo dawa yenyewe?" Mdogo wangu akasema, "Siyo dawa, mama. Subiri uone." Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mafundi huwa hawajisifu.

Nilimwona mdogo wangu akigeuka pembeni. Mimi nilikoroga.

Kilichobaki baada ya kuchemsha na kuosha mara nyingi kilikuwa kama mabaki ya karatasi iliyolowa. Alikiyeyusha kwenye siki kikawa ute, kama mlenda. Akaumwaga juu ya sahani ya kioo, akauacha juani, akaufunika na chandarua inzi wasitue. Kesho yake aliubandua kwa ukucha. Ulitoka mzima, mwembamba, unang'aa, kama ganda la ndani la kitunguu.

"Huu siyo uzi," akanieleza. "Uzi wenyewe huwezi kuuona kwa macho. Lakini ni kitu kile kile."

Siku ya tano alikwenda kwa fundi simu wa jirani akaazima mita ya kupimia umeme, ile yenye ncha mbili, nyekundu na nyeusi. Tukakaa barazani, mama, mama mdogo, mimi na yeye. Akaweka utando ule juu ya ubao, akagusisha ncha zote mbili. Mita ikaandika moja pembeni, haikusogea.

"Maana yake kizuizi ni kikubwa mno, hakuna kinachopita," akasema. "Mkavu. Sasa mama, sogea uupulizie. Siyo kwa nguvu. Kama unavyopumulia kioo."

Mama aliinama. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande, ikamchukua muda kuukusanya. Akatoa pumzi.

Ile moja ikatoweka. Tarakimu zikaanza kukimbia, zikishuka, zikashuka tena. Kisha utando ulipokauka zikapanda polepole mpaka moja ikarudi mahali pake.

Mama mdogo alikuwa ameshika kifua. Mimi ni mwalimu, nimefundisha sayansi darasa la sita kwa betri na balbu, na bado nywele za mkono zilinisimama. Gamba la kaa lilikuwa limeitika pumzi ya mama yangu.

"Tena," mama akasema. Akapuliza mara ya pili, mara ya tatu. Mdogo wangu akamweleza, akitafuta maneno, nami nikimsaidia pale yalipomkosa, neno kwa neno safari hii. Kwamba unyevu wa pumzi unaingia kwenye utando na kufungua njia, ioni zinapita kutoka ncha moja hadi nyingine kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Kwamba mishipa ya mwili nayo hutumia ioni.

Mama alisikiliza yote. Kisha akasema, "Basi unaweza. Nifunge."

"Siwezi, mama."

"Umeshaona. Kitu chako kimenisikia."

"Kimesikia pumzi yako. Hakuna uzi uliokatika mkononi mwako. Kiharusi kimeumiza ubongo, mahali amri inapotoka. Hata ningekuwa na nyuzi tayari, na sina, sijui pa kuzifunga. Hakuna anayejua. Labda watu watakaozaliwa baadaye. Siyo wewe. Dada alikosea, na mimi nilikosea kuongea kama mtu anayeuza."

Kikisi kilikuwa kimemwishia, nilikuwa natafsiri. Nilitafsiri hata lile "dada alikosea". Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama inatoka kwa mtu aliyesimama nyuma yangu.

Mdogo wangu akauchukua mkono wa kulia wa mama, akajaribu kuvikunjua vidole. Havikukunjuka. Vilikuwa vimejikaza ndani ya kiganja, kifundo kimepinda. Kucha zilikuwa zimeacha alama kwenye nyama.

"Mazoezi mnafanya mara ngapi?" akauliza.

Mama mdogo akaniangalia mimi. Mama akajibu mwenyewe, bila haraka.

"Niliacha. Yalikuwa yananiumiza. Dada yako aliposema nyuzi zinakuja, nikaona ya nini kujitesa? Zikifika, kiganja kitafunguka chenyewe."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilivyojisikia nikashindwa, kwa hiyo nitasema nilichofanya. Nilisimama, nikaenda mpaka ziwani, nikaingia majini na nguo mpaka kiunoni. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mmoja alinisalimu, "Ugonile, mwalimu," nami nikaitikia kama kawaida, nikasimama pale. Nilikuwa nikihesabu miezi iliyopita bila mazoezi. Toka mavuno. Nilikuwa nikifika karibu kila mwisho wa juma na sukari na mchele, namuuliza, "Unaendeleaje?" anasema vizuri, namwona mchangamfu, anakula. Mkono ulikuwa chini ya khanga. Sikuwahi kuifunua khanga. Nilimwuliza mama mdogo baadaye kwa nini hakuniambia. Alishangaa kweli kweli. "Si wewe uliyesema nyuzi zinakuja?" akaniuliza.

Niliporudi nyumbani nimelowa, mama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alinitazama akasema, "Ungeniambia 'sijui'. Neno hilo si lipo hata kwa Kikisi?" Baada ya hapo hakusema nami siku sita. Aliongea na mdogo wangu, aliongea na mama mdogo, aliongea na kuku. Nikimpelekea chakula alikula, alisema "ndaga" kama anavyomshukuru mpita njia, akageuza uso.

Tulimrudisha hospitali. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, alikaa nao ule mkono muda mrefu, akiubonyeza na kuuvuta. Nilimweleza yaliyotokea, sikujificha. Nilitaka anifokee. Alisema tu kwamba kuna kilichopotea ambacho hakitarudi, na kuna kidogo kinachoweza kurudi kwa uchungu, na hawezi kujua mapema ni kipi. Akatengeneza kibao cha kulalia vidole. Akamgeukia mama: "Bibi, itauma."

"Naijua kuuma," mama akasema. "Kungoja ndiko kulikonimaliza."

Mdogo wangu aliondoka wiki iliyofuata. Nilimsindikiza hadi Kyela, tukakaa stendi tukila ndizi za kuchoma. Ndipo akanishtua kwa mara nyingine. Alisema alikuwa amekuja kutuambia kwamba anaiacha kazi ile. Amechoka, miaka mingi juu ya kitu kisichoonekana, na alikuwa ameshaandika barua ya kuacha.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa sijui. Nimeona mtu mmoja aliyekuwa akizingoja kweli. Kule tunaandika ripoti. Sijawahi kumwona mtu anayezingoja." Alifuta vidole kwa leso. "Usifikiri nakusamehe, dada. Bado nina hasira. Lakini ile barua sijaituma."

Basi lilipoondoka nilikaa stendi ile mpaka kondakta mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Niliomba uhamisho wa shule, nikaupata baada ya kusumbuka sana, na sasa nafundisha karibu na Matema. Ninaishi na mama. Kila alfajiri kabla ya shule nachemsha maji, naloweka mkono wake, kisha naanza na kidole gumba. Miezi ya kwanza alilia. Mimi nilikuwa nikilegeza kila akilia, naye alikuwa akinikemea kwa kulegeza. Tumejifunza. Kidole gumba kimefunguka, na cha shahada kinakifuata kwa shida. Vitatu vilivyobaki vimebaki ngumi. Kwa hiyo ngumi yake hiyo hubana udongo usikimbie, huku mkono wa kushoto ukifinyanga vibakuli vidogo. Vinatoka pembe-pembe, na yeye anajua. Chungu kikubwa cha maji hajakijaribu, na simwulizi.

Mkono ule sasa hauko chini ya khanga. Jumamosi hukaa nao nje, juu ya mkeka, hata watu wa soko wakipita. Jana asubuhi nilipokuwa nakinyoosha kile kidole cha tatu alisema nimebonyeza mahali papya, pamemwuma tofauti na siku zote. Nikasimamisha mkono. Akaniuliza nadhani ni dalili nzuri au mbaya.

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Akafikiri kidogo, akanirudishia mkono wake, tukaendelea.